Chausiku, Garimoshi la Kambi ya Mkonge

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye kambi za mkonge chini ya milima ya Uluguru, mtoto hakuamshwa na mlio wa simu. Aliamshwa na Chausiku. Ukungu ukiwa bado umelala milimani, ungesikia filimbi yake kutoka banda la injini: nyembamba, ndefu, inakwaruza kidogo mwishoni kama sauti ya mtu mwenye mafua. Ukiisikia hiyo ujue wakata mkonge wameshaondoka, uji uko jikoni, na ole wako mama akukute bado umejifunika shuka.

Chausiku hakuwa mtu. Lilikuwa garimoshi dogo la mvuke, jeusi tii, lenye magurudumu mekundu na bomba la moshi refu kuliko mwili wake. Msije mkafikiria treni ile ya reli kubwa iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Reli za Chausiku zilikuwa nyembamba, zimekaribiana hivi kwamba mtoto aliweza kusimama mguu mmoja huku na mwingine kule. Kazi yake ilikuwa kuvuta matoroli ya majani ya mkonge kutoka shambani kuyaleta kiwandani, halafu kupeleka marobota ya katani mpaka stesheni ya reli kubwa. Jina lake lilitokana na weusi wake. Nani alimpa sijui, mimi nilizaliwa nikalikuta. Na kwetu hakuna aliyesema "injini imefika." Tulisema, "Chausiku karudi," kama tunavyosema mama karudi sokoni.

Historia yake tuliipata kwa dereva wake, Mzee Kibwana. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, kofia yake ya kiua imegeuka rangi ya majivu kwa moshi. Alituambia kwamba Chausiku aliletwa na Wajerumani akiwa vipandevipande ndani ya masanduku ya mbao, na baba yake Mzee Kibwana alikuwa miongoni mwa walioyabeba masanduku hayo kutoka stesheni, kwa sababu reli ya shamba ilikuwa haijafika. Kwa hiyo kabla Chausiku hajambeba mtu, watu walimbeba yeye. Wajerumani wakaondoka, akaja Mwingereza. Mwingereza akauza shamba kwa Mgiriki. Mabwana walibadilika, kibao cha shaba ubavuni mwa Chausiku kikabaki na maandishi yake ya Kijerumani ambayo sisi watoto tulikuwa tunayasoma kwa matamshi yetu wenyewe na kucheka mpaka tunakaa chini.

Nani leo atanielewa nikisema kwamba garimoshi lilituogesha? Jioni, kazi ikiisha, mchochea moto wa Chausiku, kijana wa Mgeta, kule juu milimani, aliyeitwa Filipo, alikuwa anafungulia maji ya moto yaliyobaki tumboni mwa injini. Mama zetu walikuwa wameshapanga ndoo. Maji yale yalikuwa na harufu ya kutu na moshi, lakini yalikuwa ya moto na ya bure, na baridi ya mwezi wa saba pale chini ya milima wanaijua waliokaa. Tulioga maji ya Chausiku, tukala ugali na kunde, tukalala tukinukia chuma.

Filipo huyohuyo alikuwa akituchomea mihogo kwenye koleo lake. Analifuta kwa kiganja, anapanga vipande, analiingiza kwenye mlango wa tanuri kwa muda wa kuvuta pumzi tu, akilitoa muhogo umeungua nje na mbichi ndani. Nimekula vyakula vingi maishani, hata hotelini nimekula, lakini muhogo nusu mbichi wa koleo sijaupata tena.

Na michezo! Tulikuwa tunapanga vifuniko vya soda juu ya reli, tunajificha kwenye mkonge huku miiba ikituchoma mapaja, tunangoja. Chausiku akipita anavikanyaga vinakuwa bapa kama sarafu. Tunavitoboa matundu mawili kwa msumari, tunapitisha uzi wa katani, tunavuta huku na huku mpaka vinavuma kama nyuki. Wajukuu zangu nikiwaelekeza mchezo huo wananiuliza unapakuliwa wapi.

Kitu kimoja tu kilikuwa marufuku: kudandia. Baba yangu, aliyekuwa akifanya kazi chumba cha brashi, pale katani inaposuguliwa mpaka inang'aa, alikuwa na kauli yake: "Nikikukuta umedandia toroli, basi utalala hukohuko kwenye toroli, kwangu usirudi." Kwa hiyo mimi, Zuhura, mtoto wa kwanza, tena mtiifu, nilifika darasa la tatu sijawahi kupanda. Nilikuja kupanda siku moja tu, na siku hiyo baba mwenyewe ndiye aliyeninyanyua.

Ilikuwa masika, masika yale ya zamani, mvua inaanza Ijumaa inasahau kuacha. Mto uliokuwa kati ya kambi yetu na barabara ya lami ulifurika, daraja la magari likaondoka. Lori la shamba likakwama ng'ambo. Watu wakasema, haya, tutangoja maji yapungue. Mama alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia, na uchungu ukamshika Jumamosi.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mkunga wa kambi. Nusu ya watoto niliocheza nao alikuwa amewapokea yeye. Alifunga mlango, sisi tukapelekwa kwa jirani. Jumapili asubuhi nilirudi kuchungulia, nikamkuta bibi ametoka nje, amesimama kwenye michirizi ya paa, hajali kwamba analowa. Akamwambia baba:

"Mwanangu, mimi hapa nimefika mwisho. Mtoto amekaa vibaya. Mpeleke hospitali."

"Barabara imekatika, mama. Nitampitisha wapi?"

"Sijui. Lakini akikaa hapa mpaka jioni, tutazika."

Bibi hakujua kwamba nimesikia. Baba akatoka mbio bila viatu kwenda nyumba ya Mzee Kibwana. Nikamfuata nyumanyuma.

Mzee Kibwana alikuwa anatengeneza mguu wa kitanda. Baba alipomweleza, hakuuliza swali. Aliweka nyundo chini, akavaa kofia yake, akasema, "Daraja la reli lipo juu kuliko la magari. Twende tukamwamshe Chausiku."

Lakini Jumapili banda lilikuwa linafungwa, na ufunguo anao mnyapara mkuu, Bwana Singano. Meneja wa shamba naye alikuwa mjini. Bwana Singano alitusikiliza akiwa mlangoni kwake, kikombe cha chai mkononi.

"Injini haitoki bila ruhusa ya meneja," alisema. "Daraja lile likiporomoka, nani atajibu? Mimi nina watoto, Kibwana."

"Na huyu ana mtoto anayetaka kuzaliwa," alijibu Mzee Kibwana. "Bwana Singano, sikuombi ruhusa. Nakuomba ufunguo. Wakikuuliza kesho, sema Kibwana kaninyang'anya."

Bwana Singano alimtazama, akamtazama baba aliyejaa matope mpaka magotini, akanitazama na mimi. Akaingia ndani. Nilidhani ametufungia mlango. Alirudi na ufunguo, akauweka juu ya kizingiti, akatupa mgongo akaendelea na chai yake. "Mimi sijaona mtu," alisema.

Vijana wa leo mliozoea kubonyeza na gari likanguruma, hamjui garimoshi la mvuke. Chausiku alikuwa amelala baridi tangu jana yake. Kumpasha mpaka awe na nguvu ya kuvuta ni kazi ya asubuhi nzima, na magogo yaliyorundikwa nje ya banda yalikuwa yamelowa chapachapa. Filipo aliwasha mara ya kwanza, moshi mtupu. Mara ya pili, moshi. Akatoka macho yamemvimba, akasema, "Mzee, kuni hizi hazishiki. Tunataka kuni kavu, tena nyingi."

Kuni kavu, katikati ya masika, zilikuwa mahali pamoja tu: juu ya uchaga jikoni kwa kila mama. Zilikuwa akiba ya kupikia mpaka mvua ziishe. Mimi nilitumwa nyumba hadi nyumba. Nilikuwa nafika mlangoni nasema, "Shikamoo, Mzee Kibwana anaomba kuni, mama yangu hali mbaya," na sikumaliza sentensi hiyo hata nyumba moja. Walikuwa wanapanda juu ya vinu, wanashusha, wanafunika kuni kwa khanga zao wasijali vichwa vyao kulowa. Waluguru, Wanyamwezi, Waha, Wamakonde waliokuja kama manamba, vibarua wa mkataba, wote wakaelekea bandani. Jirani yetu mmoja alipotupa mzigo wake chini alisema, "Leo kambi nzima hatupiki. Atakayesikia njaa atafune muhogo mbichi." Na ndivyo ilivyokuwa. Wengine walipanga mstari kutoka kisimani wakapokezana ndoo za maji kujaza tangi. Sijawahi kuona tena watu wengi wakifanya kazi moja kwa ukimya namna ile.

Baba alikwenda chumba cha brashi, akarudi amekumbatia katani nyeupe, ile daraja la kwanza iliyokuwa inakwenda Ulaya. Wakaitandika kwenye toroli, wakafunga turubai juu. Mama akaletwa amebebwa kwenye kitanda cha kamba. Uso wake ulikuwa wa rangi ambayo sikuwahi kuiona. Aliponiona alinishika mkono, na walipotaka kuniondoa akagoma kuniachia. Baba akasema, "Basi," akaninyanyua akaniweka kando yake. Bibi akapanda upande wa pili.

Filimbi ikalia. Bila shaka nyie mnaosoma mlishawahi kusikia sauti ikawatoa machozi, basi yangu mimi ni ile.

Tulikwenda polepole katikati ya mkonge, maji yakitiririka kila upande. Kila reli zilipoungana toroli liliruka, mama akauma khanga. Bibi alikuwa akimsemesha kwa Kiluguru, taratibu, kama anamsimulia habari za nyumbani. Halafu Chausiku akasimama. Nikainua turubai nikaona daraja, yaani niliona reli zikiingia kwenye maji ya kahawia na kutokea ng'ambo. Maji yalikuwa yamefika kwenye mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli.

Mzee Kibwana alishuka, akashika fimbo, akaingia. Alitembea juu ya daraja lile hatua kwa hatua akigonga mbele yake, mpaka ng'ambo, akageuka akarudi. Suruali ilikuwa imemganda miguuni. Akamwambia baba:

"Daraja lipo. Likicheza nitalisikia. Lakini siwezi kukuapia."

 Baba alishika ukingo wa toroli, anatazama maji. Filipo akakunja uso. Ndipo sauti ya mama ikatoka chini ya turubai, dhaifu lakini ya mtu aliyeudhika:

"Jamani, twendeni. Mnazungumza nini?"

Wallahi, Filipo alicheka. Baba naye akacheka huku analia. Chausiku akaingia darajani. Niliona maji yakipita kati ya mataruma chini yangu, nikasikia chuma kikilalamika, kirefu, kama mlango mkubwa unaofunguliwa taratibu. Nikafumba macho nikasoma sura zote nilizofundishwa chuoni, nilipoishiwa nikaanza jedwali la hesabu. Nilipofumbua tulikuwa ng'ambo, mkonge tena kulia na kushoto.

Kwenye stesheni, hatua chache kutoka barabara ya lami, Mzee Kibwana alisimama katikati ya barabara na fimbo yake akasimamisha lori la machungwa lililokuwa linaelekea Morogoro mjini. Dereva alishusha magunia bila kuambiwa mara mbili. Hospitali walimpokea mama wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Muuguzi mmoja akamuuliza baba:

"Mmetoka huko mashambani? Si njia imekatika? Nani amewaleta?"

"Chausiku," baba alijibu, akili haipo.

"Huyo Chausiku yuko wapi? Aje basi atoe damu, mgonjwa anahitaji."

Kisa hicho baba alikisimulia mpaka uzeeni, na kila mara alicheka kabla hajakimaliza. Damu aliitoa yeye mwenyewe. Mchana uleule mdogo wangu akazaliwa, msichana, mdogo wa mwili na mwenye kelele. Filipo alitaka aitwe Chausiku. Bibi akakataa katakata: "Mtoto kazaliwa mchana kweupe, atakuwaje Chausiku?" Akamwita Mwanamvua.

Meneja aliporudi hakufurahi. Sitamlaumu sana, injini na daraja vilikuwa dhamana yake. Mzee Kibwana alivuliwa udereva akapelekwa shambani kukata mkonge pamoja na vijana wa umri wa wanawe. Hakutaja jina la Bwana Singano hata mara moja. Alikata mkonge msimu mzima, mikono imechanika, na katika msimu huo wote hakula chakula cha nyumbani kwake mchana. Kila siku mama mmojawapo wa kambi alimpelekea chakula shambani: leo wali, kesho ndizi za nyama, keshokutwa ugali na kuku wa kienyeji. Mama yangu naye alipopata nguvu alikwenda, Mwanamvua mgongoni. Mzee Kibwana alimtazama mtoto akasema, "Huyu ndiye aliyenichosha namna hii?" Akamnyooshea kidole, mtoto akakishika. Basi, maneno yake yalikuwa hayo.

Siku aliyorudishwa kwenye injini, alipiga filimbi ndefu kuliko desturi. Walimu waliacha kufundisha.

Yaliyofuata ni hadithi ya mkonge kila mahali. Shamba lilichukuliwa na serikali, zikaja kamba za nailoni, bei ya katani ikaanguka, yakaja matrekta. Chausiku aliegeshwa bandani kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa bomba, ikasemwa ni kwa muda. Paa la banda likachukuliwa na upepo, na kuta zikachukuliwa na watu. Reli ziling'olewa zikawa nguzo za mabanda ya ng'ombe. Mzee Kibwana alistaafu, lakini alikuwa anakwenda kila baada ya siku kadhaa na kopo la grisi kupaka magurudumu ambayo hayakuwa na pa kwenda. Akafa. Baba na mama wakafuata. Mimi nilikuwa mwalimu huku na huku, mwisho nikajenga Mafiga, pale Morogoro mjini, na nikiri kwamba miaka mingi ilipita nisimfikirie Chausiku. Nilidhani ameshayeyuka.

Aliyenipigia simu alikuwa Mwanamvua. Yeye ni mfanyabiashara wa kabichi na karoti, analangua Mgeta na kuuza mjini, mwanamke wa sauti kubwa na hana subira, labda kwa jinsi alivyozaliwa. "Dada," alisema, "shamba limepata mwekezaji. Wanasafisha. Wamekuja watu wa chuma chakavu na mitungi ya gesi, wanamkata Chausiku Jumatatu. Njoo."

Nilikwenda. Mwanamvua alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba amesikia habari ya garimoshi lile mpaka amechoka, kwa hiyo sikutegemea kumkuta namna ile, ameegemea injini na kushika kiuno, kama mtu anayelinda nyumba yake. Chausiku alikuwa wa rangi ya udongo. Mti mdogo ulikuwa umeota ndani ya bomba la moshi. Filimbi na kile kibao cha shaba vilishaibwa zamani. Vikongwe kadhaa wa kambi walikuwa wamekuja wakaketi kwenye majani, wale waliobaki kati ya walioshusha kuni zao uchagani.

Msimamizi wa shamba alikuwa kijana mstaarabu. "Shikamooni mama zangu," alisema. "Nawaheshimu, lakini hiki ni chuma tu. Kimelala hapa tangu mimi sijazaliwa."

"Marahaba, mwanangu," Mwanamvua alijibu. "Ni chuma, sikatai. Ila mimi kilinibeba tumboni mwa mama yangu. Nipe nikihamishe."

"Utakihamishia wapi?"

"Shuleni," Mwanamvua alisema bila kupepesa. "Mwalimu mkuu ameshakubali." Mwalimu mkuu alikuwa hajui lolote, nilikuwa namfahamu.

Kijana alimtazama mtu wa chuma chakavu, akawatazama wale vikongwe. Mmoja wao akamwambia, "Sisi siku ile tulilala njaa, baba, ili huyu dada azaliwe." Yule kijana hakuelewa, ikabidi asimuliwe yote tangu mwanzo, na vikongwe walikuwa wanasahihishana. Alisikiliza akiwa amesimama, baadaye akachuchumaa. Mwisho akasema, "Mkikiondoa kabla ya Jumatatu, ni chenu. Jumatatu asubuhi sitaweza kuwatetea." Mtu wa chuma chakavu akaahidiwa mabaki ya reli badala yake, akakubali kwa kununa.

Mwanamvua alitafuta Fuso. Aliyeitoa alikuwa mtoto wa Filipo, ambaye humletea kabichi kutoka Mgeta. Alipoleta gari Jumapili, kiti cha mbele alikuwa amekaa Filipo mwenyewe, mzee kabisa sasa, rozari shingoni, koti la sufi jua likiwaka. Alishuka akisaidiwa, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa tanuri, akauvuta. Ulikuwa umeshika kutu. Akaanza kufoka: nani kaacha mti uote kwenye bomba, nani kaweka mawe kwenye tangi, watu gani nyie. Alifoka siku nzima, na hakuna aliyemnyamazisha.

Ilikuwa kazi. Magurudumu yaliloweshwa kwa oili chafu ya gereji. Vijana wa bodaboda walioletwa na udadisi wakavua mashati. Wakaweka vipande vya reli kama ngazi, wakaleta minyororo ya kuinulia injini za magari, na sisi wengine tukashika kamba. Jua lilikuwa limeshainama Chausiku alipokaa juu ya Fuso, na Fuso likanesa kama kitanda kibovu. Kijana mmoja akatoa simu akapiga picha, akasema, "Bibi, hii kitu ni noma. Ilikuwa inatumia mafuta gani?" Filipo akamjibu, "Jasho."

Mwalimu mkuu alikuta garimoshi uwanjani Jumatatu. Namshukuru, alicheka. Wazazi wakachanga mabati, Chausiku akajengewa kibanda, akapakwa rangi nyeusi, magurudumu mekundu. Filimbi hana. Watoto wanapanda wanatoa mlio kwa midomo yao, na hakuna anayewaambia watalala kwenye toroli.

Mwezi uliopita nilikuwa naenda Dar es Salaam na mjukuu wangu kwa treni mpya ya umeme. Siisemi vibaya. Ni safi, ina baridi nzuri, haitoi moshi, inafika kabla chai haijashuka tumboni. Kila abiria alikuwa na waya masikioni. Kijana niliyekaa naye bega kwa bega nilimsalimia, akatoa kijiwaya kimoja, akaniambia "marahaba" kwa kuchanganyikiwa, kisha akaona haya akasema "shikamoo," akakirudisha. Nikacheka peke yangu. Ni mtoto mzuri tu. Hana shida na mimi wala mimi naye, na hiyo ndiyo tofauti: sisi tulikuwa na shida na kila mtu, kila mtu alikuwa na shida na sisi, na kuni za jirani zilikuwa zetu.

Nilijua tutapita karibu na shamba letu la zamani. Tulipoondoka Morogoro nilianza kujiandaa. Nilisafisha miwani, nikamwambia mjukuu afunge simu, akae dirishani, nimwonyeshe mto ule, mahali daraja lilipokuwa, na bati la kibanda cha Chausiku, ambalo nilitumaini litaonekana kati ya miti ya shule. Milima ilikuwa imevaa mawingu yake kama kawaida. Nikaona mistari ya mkonge ikikimbia, nikanyoosha mkono.

"Pale," nilimwambia. "Unaona pale?"

"Wapi, bibi?"

Tulikuwa tumeshapita.